Kiungo, Kitabu na Barua ya Ruhusa

Mwaka 2010 nilikuwa masomoni katika jimbo la Ohio, Marekani. Pamoja na masomo yangu nilipewa kazi ya kufundisha Kiswahili cha mwanzo kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza: salamu, ngeli, nyakati za kitenzi. Katika wiki ya pili ya muhula kijana mmoja alibaki nyuma baada ya kipindi, akanikabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya ukurasa mmoja kutoka ofisi ya michezo ya chuo. Ilitaja jina lake, timu yake na tarehe za safari zote za timu hadi Novemba, kisha ikanitaka nimpangie siku nyingine kwa jaribio lolote litakaloangukia tarehe hizo. Haikubembeleza. Ilikuwa na sahihi, na namba ya simu ya mtu wa kumuuliza endapo ningekuwa na shaka.

Nilimwendea mwalimu mwenzangu mwenyeji, nikamuuliza inanipasa nifanye nini. Alishangazwa na swali langu kuliko barua yenyewe. "Mpangie siku nyingine," alisema, akarudi kwenye kazi yake. Nikampangia. Jumatatu moja asubuhi yule kijana alifanya jaribio peke yake ofisini kwangu, akachanganya ngeli kama walivyochanganya wenzake, nikampa alama alizostahili. Sikujiona nimetenda wema wowote. Nilitii karatasi tu.

Miaka sita baadaye, nikiwa nimerudi nyumbani na kuajiriwa kuwa mhadhiri, mwanafunzi wa mwaka wa pili alibisha hodi mlangoni kwangu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Karibu."

Huyu hakuwa na bahasha. Alieleza kwamba Alhamisi ya wiki ile, siku ya jaribio langu, timu moja ya Ligi Daraja la Kwanza ilikuwa imemwita akajaribiwe katika mji ulio mbali kwa safari ya siku nzima ya basi. Aliomba afanye jaribio mapema kuliko wenzake, au siku yoyote ambayo ningeona inafaa. Nilimsikiliza nikiwa na kalamu mkononi. Kisha nikamwambia maneno ambayo hadi leo nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe: "Ulikuja hapa kusoma au kucheza? Mshika mbili, moja humponyoka." Akanishukuru. Ndiyo, alinishukuru, akaondoka. Alhamisi ile alikaa safu ya mbele, akapata alama 17 kati ya 20.

Kule ugenini nilitii barua. Hapa kwetu nilikataa neno la mtu. Tofauti hiyo imenisumbua kwa miaka, na kila nilipojaribu kuielewa nimejikuta nikirudi kwenye maisha ya kiungo mmoja ambaye nilianza kumfuatilia kule kule Ohio. Jina lake ni Darlington Nagbe.

Nagbe alizaliwa Monrovia, Liberia, mwezi Julai 1990. Vita vilivyoanza mkesha wa Krismasi wa 1989 vilikuwa vimekwisha kuufikia mji huo. Baba yake, Joe Nagbe, alikuwa mchezaji wa kulipwa na nahodha wa timu ya taifa ya Liberia, wa kizazi kimoja na George Weah. Mama alikimbia na mtoto akiwa bado mchanga, na familia ikaishi Ulaya, ikihama kadiri kazi ya baba ilivyohama. Mwaka 2001, kijana akiwa na umri wa miaka 11, wakafika Cleveland, kaskazini mwa Ohio. Huko akasoma, akacheza, akakua.

Mwaka 2008 alijiunga na Chuo Kikuu cha Akron. Akron ni mji uliopata jina kwa viwanda vya matairi, na viwanda vile vilipofifia mji nao ulififia. Katika soka la vyuo, hata hivyo, palikuwa na jambo linalokua pale. Kocha Caleb Porter alikuwa akijenga timu iliyopasiana mpira kwa utulivu ambao mashabiki wengi wa nchi ile hawakuuzoea. Katika kikosi cha 2008 Nagbe alimkuta Steve Zakuani, mzaliwa wa Kinshasa aliyelelewa London baada ya familia yake kuhama Kongo. Fikiria hilo, ndugu msomaji: mtoto wa Monrovia na mtoto wa Kinshasa, kila mmoja akiwa amepita bara la Ulaya, wanakutana darasani na uwanjani katika mji wa matairi.

Mwaka 2009 Akron ilifika fainali ya kitaifa bila kupoteza mchezo, ikashindwa na Virginia kwa mikwaju ya penalti. Mwaka uliofuata ilirudi. Tarehe 12 Desemba 2010, huko Santa Barbara, California, iliifunga Louisville bao 1-0 na kutwaa ubingwa wake wa kwanza wa kitaifa katika soka. Niliutazama mchezo ule katika sebule ya bweni, nikiwa na wanafunzi wawili wa Ghana na mmoja wa Kenya. Nagbe hakufunga. Alikuwa akipokea mpira mahali ambapo wengine wangeogopa kuupokea, akageuka, akautoa. Mwaka huo alipewa tuzo ya Hermann, ambayo hupewa mchezaji bora wa vyuo vikuu.

Inafaa kueleza utaratibu uliokuwa nyuma ya kijana huyu, kwa kuwa huku kwetu tunapoisikia habari kama hii huwa tunasema "kipaji" na kuishia hapo. Kanuni za vyuo za wakati ule ziliruhusu timu ya soka ya wanaume ya daraja la juu kugawa ufadhili kamili 9.9, basi. Desimali hiyo si mzaha. Timu ina wachezaji zaidi ya ishirini, kwa hiyo kocha hukata ufadhili vipande: huyu nusu ya ada, yule malazi, yule vitabu. Kwa upande wake mchezaji hulazimika kuwa mwanafunzi wa muda wote na kutimiza kiwango cha masomo kila muhula. Akishindwa darasani, hachezi. Na ile barua niliyokabidhiwa mimi ilikuwa sehemu ya mtambo huo huo. Chuo kilikuwa kimekwisha kuamua kwamba kijana anaweza kushika vitu viwili, kisha kikamwajiri mtu wa kumsaidia kushika.

Sisemi mtambo huo ni wa haki. Kwa miaka mingi vyuo viliuza tiketi na fulana huku mchezaji akikatazwa kupokea hata senti moja kwa jina lake mwenyewe. Ni hadi Julai 2021 ndipo zuio hilo lilipolegezwa, na hata hapo mwanafunzi wa kigeni mwenye viza ya masomo aliendelea kufungwa mikono na sheria za uhamiaji. Anayesifu mfumo ule bila kutaja hayo anauza ndoto. Lakini anayeukataa wote kwa sababu ya hayo naye anatupa mtoto pamoja na maji ya kumwogeshea.

Januari 2011 ulifika wakati wa klabu za ligi ya Marekani kuchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Nagbe alikuwa bado na mwaka mmoja wa kuichezea Akron, lakini alikuwa amekwisha kusaini mkataba na ligi. Portland Timbers, iliyokuwa ikiingia ligi hiyo kwa mara ya kwanza, ilimchukua akiwa wa pili katika orodha nzima. Siku hiyo wachezaji watano kati ya wanane wa kwanza kuchaguliwa walitoka Akron. Miaka miwili kabla, Zakuani alikuwa amechaguliwa wa kwanza kabisa, na Seattle Sounders.

Hapa ndipo ningemjibu mzazi anayesema mpira si kazi. Aprili 2011 Zakuani alivunjwa mguu uwanjani, mvunjiko mbaya wa mifupa miwili. Alirudi baada ya zaidi ya mwaka, lakini kasi yake ya zamani haikurudi naye, na akiwa na umri wa miaka 26 alistaafu. Mzazi ana haki ya kuogopa. Ila hofu hiyo inaonyesha kwa nini mpira na kitabu vifuatane: mguu ni mali inayovunjika, na kijana aliyewahi kukaa darasani ana mahali pengine pa kusimamia.

Nagbe naye hakuvunjika. Bao lake la kwanza katika ligi, Julai 2011 dhidi ya Sporting Kansas City, aliupiga mpira ukiwa hewani baada ya kuuchezea mguuni bila kuuacha utue, na likachaguliwa kuwa bao la mwaka. Baada ya hapo akawa mchezaji wa aina ambayo magazeti huichelewa. Mabao machache, maneno machache, mpira kupotea mara chache. Porter alimfuata Portland mwaka 2013, wakawa pamoja tena.

Palibaki jambo moja ambalo kipaji hakikuweza kulitatua. Nagbe alifika Marekani akiwa na miaka 11. Alisoma huko, akashinda ubingwa wa vyuo huko, akalipwa mshahara na kulipa kodi huko. Hata hivyo hakuwa raia hadi Septemba 2015. Kwa miaka ile yote makocha wa timu ya taifa ya Marekani walimwona na hawakuweza kumwita. Liberia ya baba yake ilikuwapo, na ingempokea. Yeye alisubiri. Novemba 2015, wiki chache baada ya kula kiapo, aliingia uwanjani kwa mara ya kwanza na jezi ya Marekani dhidi ya Saint Vincent na Grenadini. Tunapenda kusema kwamba michezo haina mipaka. Ina mipaka, na mlinzi wake ni karatasi.

Desemba mwaka huo huo ulichezwa mchezo ambao mimi nauhesabu kuwa kilele cha habari hii. Fainali ya ligi ilichezwa Columbus, Ohio, jimbo alilokulia Nagbe, kati ya Columbus Crew na Portland. Mshambuliaji wa Columbus alikuwa Kei Kamara, mzaliwa wa Kenema, Sierra Leone. Kamara naye alikimbia vita, akapitia Gambia, akafika California akiwa mkimbizi wa miaka 16. Alisoma katika chuo kikuu cha umma cha Dominguez Hills, ambacho hakimo katika orodha za vyuo vya kifahari, na kutoka hapo akaingia ligi mwaka 2006. Siku ile Kamara alifunga, lakini Portland ilishinda 2-1. Vita vya Liberia na Sierra Leone vilikuwa vita ndugu. Moto wa nyumba moja uliruka ukashika ya pili. Watoto wawili walionusurika moto huo walikutana kugombea kombe, na kila mmoja alikuwa amepitia lango la chuo kikuu.

Nagbe ametwaa kombe hilo mara nne: na Portland mwaka 2015, Atlanta United mwaka 2018, na Columbus mwaka 2020 na 2023. Fainali ya 2020 hakuicheza kwa sababu ya korona. Ile ya 2023 alikuwa nahodha. Kamara, kwa upande wake, amekuwa mfungaji wa pili kwa wingi wa mabao katika historia ya ligi hiyo.

Sasa turudi nyumbani, maana sikuanza safari hii ili kusifia nyumba ya jirani.

Njia ya Nagbe inapita karibu nasi kuliko tunavyodhani. Handwalla Bwana alizaliwa Kenya kwa wazazi waliokimbia vita vya Somalia, akaishi utotoni katika kambi ya Kakuma. Akahamia Marekani na familia yake, akachezea Chuo Kikuu cha Washington, na mwaka 2018 akasajiliwa na Seattle Sounders. Ni Kakuma ile ile tunayoisikia kwenye taarifa za misaada. Na sisi tuna Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996. Kuna vijana waliozaliwa mle, wakakua mle, wakaanza kuzaa mle. Sheria yetu ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi apate kibali ili atoke nje ya kambi. Mpira unachezwa Nyarugusu kila jioni, lakini mchezaji hawezi kupanda basi kwenda kujaribiwa bila karatasi, na karatasi hiyo haimfuati uwanjani.

Na walio nje ya kambi? Watoto wetu wa shule za msingi wanashindana katika UMITASHUMTA, yaani Umoja wa Michezo na Taaluma Shule za Msingi Tanzania. Lisome jina hilo polepole. Michezo na taaluma zimeunganishwa kwa neno dogo "na", nasi wakubwa tunalifuta mtoto anapofika chuo kikuu. Hapo tunamwambia achague. Tukishamlazimisha kuchagua, tunamkariria methali juu ya mshika mbili, kana kwamba si sisi tuliomnyang'anya mkono wa pili.

Mwaka juzi nilikwenda wilaya moja ya magharibi kukagua wanafunzi wetu walio katika mafunzo kwa vitendo. Afisa aliyenipokea katika ofisi za halmashauri alisimama, akanisalimu kwa heshima, nikamtambua. Alikuwa yeye, wa alama 17. Baada ya kazi alinipeleka nyuma ya shule ya msingi, mahali anapofundisha watoto mpira jioni, tukakaa juu ya tairi kuukuu. Hapo ndipo alipoanza kunisimulia mambo ambayo sikuyajua.

Wazazi wake walikuwa katika kundi la Warundi waliokimbilia Tanzania mwaka 1972 wakaishi katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Zaidi ya watu 160,000 wa kundi hilo walikubaliwa uraia, na vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014. Familia yake ilipata vyake muda mfupi tu kabla ya siku aliyobisha mlangoni kwangu. Usiku ule baada ya kunisikiliza alimpigia simu mama yake, na mama akamwambia: "Mwanangu, mtu mwenye karatasi mpya hachezi na karatasi." Basi akafanya jaribio.

Nilitafuta neno la kusema. Akanitangulia.

"Mwalimu, hukukosea. Mtihani ni mtihani, na kazi hii nimeipata kwa cheti chako. Ila hukuniuliza nilikuwa nacheza namba ngapi."

"Namba ngapi?"

"Sita."

Sidai kwamba angekuwa Nagbe. Huenda timu ile ingemtazama dakika ishirini na kumrudisha na basi la usiku. Lakini hilo lilikuwa la timu kuamua, wala si langu. Nililoamua mimi ni kwamba hatatazamwa, na niliamua kwa sababu hakuwa na barua. Barua nayo hakuwa nayo kwa sababu katika chuo chetu hapakuwa na ofisi ya kuiandika, wala kanuni ya kunilazimisha kuitii. Nilipokuwa Ohio sikuwa mtu mwema kuliko nilivyokuwa nyumbani. Kule utaratibu ulinizuia kuwa mdogo.

Kwa hiyo naandika kwa makundi mawili. Kwa ndugu zangu watumishi wa umma: kinachohitajika hapa si bajeti ya uwanja. Ni ukurasa mmoja wa kanuni unaosema kwamba mwanafunzi aliyeitwa na timu inayotambulika hufanya jaribio siku nyingine, na kwamba kijana wa kambini aliyeitwa hivyo hupewa kibali cha safari kwa tarehe inayojulikana. Nilipeleka pendekezo la sehemu ya kwanza ngazi husika. Nimeambiwa liko kwenye faili, na wanaojua ofisi zetu wanajua faili ni nini. Kwa wanafunzi: msiombe huruma ya mwalimu, kwani huruma hubadilika kwa jinsi alivyoamka. Daini kanuni.

Hadi faili litakapofunguliwa, mimi katika kipindi cha kwanza cha kila muhula hupitisha karatasi tupu, nikaomba kila mwenye safari za michezo aandike tarehe zake. Muhula uliopita walikuwa watatu. Mmoja ni binti wa netiboli. Nilimuuliza anacheza nafasi gani. Akacheka, akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mwalimu.

Jaribio lake alilifanya Jumatatu.